Mizinga miwili, kipimo kimoja: shajara ya mradi

Kabla ya msumeno

Mradi wenyewe mdogo tu, mizinga miwili ya nyuki ya Langstroth (maboksi yanayopandana, ndani yana fremu za masega zinazotoka) ya kufuga kwa kupenda, sio biashara, na kila hatua ikiisha naiandika hapa ili mbele nijue nilifanya nini na kwa nini. Kabla sijakata ubao hata mmoja nimeshaamua mambo mawili. Moja, mizinga ni miwili tangu mwanzo. Mbili, maboksi yote yawe na kimo kilekile, hamna boksi refu la majana (watoto wa nyuki, kuanzia yai) chini na fupi la asali juu, yote ni ya kimo cha kati.

Kwa nini miwili? Ukiwa na mmoja huna cha kulinganisha. Unafungua unakuta nyuki wamepungua, sasa ni maua yameisha au ni malkia amechoka? Hujui, unabaki kubahatisha. Ukiwa na miwili iko jirani, jua lilelile na maua yaleyale, halafu mmoja unadorora na mwenzake anachapa kazi, basi tatizo haliko nje, liko ndani ya ule unaodorora. Na kubwa zaidi, mzinga mmoja unaweza kumwokoa mwenzake, ila hiyo inawezekana tu kama fremu ya huku inaingia kule bila kulazimisha, na hapo ndo habari ya kipimo kimoja inapoingia.

Utaratibu uliozoeleka ni boksi refu chini (kimo milimita 244) na mafupi juu. Sio vibaya. Lakini boksi refu likijaa asali linakaribia kilo 40, na hapo we umevaa ovaroli, jasho linaingia machoni, nyuki wamekuzunguka, na huruhusiwi kulitua kwa kishindo. La kimo cha kati, milimita 168, likijaa ni kama kilo 25. Mgongo ni wangu, nimechagua la kilo 25. Hasara yake ni kwamba maboksi na fremu vinakuwa vingi, maana maboksi matatu ya kati ni kama mawili marefu, kwa hiyo hata siku ya ukaguzi unatoa fremu nyingi zaidi. Nimekubali.

Mbao na zile milimita

Mbao ni za unene wa milimita 19, zimekauka vizuri na hazijatiwa dawa ya wadudu (mbao yenye dawa ya mchwa usiipeleke kwa nyuki hata kama umepewa bure). Boksi la fremu kumi kwa nje lina urefu wa milimita 508 na upana 413. Toa unene wa mbao, ndani unabaki na upana wa 375. Fremu moja mabega yake ni milimita 35, kumi zinakula 350, zinabaki 25 za kugawana pande mbili. Sasa kuna watu wakiiona hiyo nafasi inawakera, wanaachanisha fremu mpaka zijaze boksi. Usifanye hivyo. Zibane katikati bega kwa bega, nafasi ibaki pembeni, la sivyo nyuki watakujengea visega vya ajabu kati ya fremu na fremu.

Ukali wote huu wa vipimo unatokana na kitu kimoja, nafasi ya nyuki. Lorenzo Langstroth, mchungaji wa kanisa huko Marekani, mwaka 1851 ndo alifikia wazo la kuizungushia fremu ile njia ambayo nyuki wanaiacha wazi, na 1852 akapata hataza ya mzinga wa fremu zinazotoka. Njia hiyo ni milimita 6 mpaka 9. Ikiwa nyembamba kuliko hapo wanaiziba kwa gundi yao, ikiwa pana wanaijaza sega. Kwa hiyo ukitengeneza boksi kwa kukadiria na macho, nyuki watakurekebishia kwa namna yao na we utakuja kutoa fremu kwa nyundo.

Sehemu inayosumbua ni kile kidato cha kuning'inizia fremu. Nimekikata kina cha milimita 16. Masikio ya fremu yakikaa hapo, juu yake inabaki milimita 6 hivi hadi ukingo wa boksi, na ukipandanisha maboksi mawili kati ya fremu za juu na za chini inabaki kama 9. Geji yangu ni biti za drili: ya milimita 6 lazima ipite, ya milimita 10 lazima igome. Nimepandanisha maboksi yote kwa zamu, hili juu ya lile, lile juu ya hili, na nimepitisha biti kote. Kazi inachosha lakini ndo maana nzima ya mradi, boksi lolote likae popote.

Kwenye pembe nimetumia kiungo cha kidato, gundi isiyoogopa maji na skrubu. Kile kiungo cha meno ni imara zaidi, sibishi, ila kinataka kifaa cha kuongozea msumeno na mi sina. Kabla gundi haijakauka pima kutoka pembe hadi pembe, mishazari yote miwili ikilingana boksi limenyooka, isipolingana libane sasa hivi maana kesho umechelewa.

Rangi ni kwa nje tu. Ndani hamna rangi, hamna vanishi, wenyewe wataipaka gundi yao wanavyotaka. Na hapa kuna kitu nimekifikiria sana: watu wanapaka mzinga huu rangi hii na ule rangi nyingine ili nyuki wasipotee njia, na ni wazo zuri, nyuki wanaona vizuri bluu na njano lakini nyekundu hawaioni. Ila maboksi yangu yatahamahama. Leo boksi liko huku, msimu ujao liko kule. Kwa hiyo maboksi yote nimeyapaka nyeupe na rangi ya kutofautisha nimeiweka kwenye kitako tu, ule ubao wa chini wenye mlango wanapotua. Kitako kimoja bluu, kingine njano, na kuanzia hapa mizinga nitaiita Bluu na Njano.

Stendi

Fupi tu. Kimo kama nusu mita, ili nisiiname sana mwanzoni na nisinyanyue juu ya kifua mizinga ikipanda. Nyuma ya kila mzinga nimeacha nafasi ya kusimama, maana ukisimama mbele unawazibia njia na watakuambia. Mzinga umeinama kidogo sana kuelekea mlangoni ili maji ya mvua yatoke. Miguu ya stendi imo ndani ya makopo yenye oili chakavu kwa ajili ya sisimizi na siafu, kila kopo lina kikofia cha bati ili nyuki wasidondokee humo na mvua isijaze. Halafu kata majani yanayozunguka, jani moja likigusa stendi kopo lote ni bure. Maji ya kunywa nimeweka beseni lenye kokoto na nimeliweka kabla nyuki hawajafika, wakishazoea maji ya jirani kuwatoa huko ni kazi.

Nguo na zana

Ushauri wangu kwa anayeanza, pesa nyingi iende kwenye wavu wa uso na zipu yake, vingine unaweza kuunga unga. Ovaroli ya rangi nyepesi, gambuti, na mdomo wa suruali uvutwe juu ya gambuti sio ndani. Glovu za ngozi nene zinakulinda lakini unakuwa huna vidole, unabana fremu, unaponda nyuki, na nyuki aliyepondwa anatoa harufu inayowaita wenzake waje kuchoma. Nyuki wakiwa wapole mi navaa za mpira nyembamba zile za hospitali, zinapitisha mwiba lakini naona ninachofanya. Wakiwa wakali narudi kwenye ngozi, hamna ushujaa hapa.

Bomba la moshi chukua kubwa, yale madogo yanazima katikati ya kazi. Ndani naweka nyasi kavu chini, kisha vipande vya gunia la katani, kisha nyasi mbichi kidogo juu za kuupoza moshi. Usiweke gunia la plastiki, usiweke mabaki ya mbao zenye dawa au rangi. Jaribu moshi kwenye kiganja, ukiunguza mkono wako utaunguza na mbawa zao. Pumzi mbili tatu mlangoni, subiri kidogo, pumzi chini ya kifuniko, inatosha. Moshi unafunika ile harufu ya hatari na unawafanya wakimbilie kunywa asali, sio dawa ya usingizi, ukiwamiminia kama unafukuza mbu utawavuruga.

Ukichomwa, mwiba utoe haraka kwa njia yoyote, kucha, patasi ya mzinga, chochote, kinachohesabika ni haraka maana kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma. Kisha puliza moshi pale ulipochomwa. Na mtu akivimba mdomo, akitokwa na vipele mwili mzima au akikosa pumzi, hiyo sio ya kusubiri, ni hospitali saa hiyohiyo.

Nyuki wameingia

Vile vikundi vya kuanzia vinavyouzwa na fremu zake mara nyingi huja kwenye fremu ndefu, na fremu ndefu kwangu haziingii, kwa hiyo nimechukua makundi mawili ya nyuki watupu wasio na masega, kila moja na malkia wake. Faida ya nyuki watupu ni kwamba wanajenga kila kitu upya kwenye fremu zako, na magonjwa ya kwenye masega hayaji nao. Utitiri wa varoa, vidudu vidogo vinavyowanyonya nyuki, unakuja nao, huo haukosi, tutaufikia.

Nimewaingiza jioni. Fremu zina waya na karatasi za nta za kuanzia kujengea masega. Boksi moja tu kila mzinga, usiwape jumba la ghorofa watu ambao hata chumba hawajajenga, joto linapotea na majana yanataka kukaa kwenye nyuzi 34 au 35. Mlango nimeubana ubaki upana wa vidole viwili, kundi changa haliwezi kulinda mlango mzima.

Chakula ni sukari nyeupe na maji, uzito kwa uzito, kwenye chupa iliyopinduliwa yenye matundu madogo kwenye kifuniko, juu ya tundu la kifuniko cha ndani, na boksi tupu limezungushwa kuificha. Sukari ya kahawia hapana, inawaharibia tumbo. Asali ya kununua usiyoijua ilikotoka hapana kabisa, inaweza kuwa na vijidudu vya ule ugonjwa wa kuoza majana, na vijidudu hivyo vinakaa miaka makumi vikisubiri. Unapolisha usimwage hata tone nje, harufu ya sukari inaita wezi, na wizi ukianza kati ya Bluu na Njano kuuzima ni shida.

Kufungua mzinga ukiwa na swali

Wameanza kujenga wote wawili, Bluu yuko mbele kidogo. Sasa tabia ninayojiwekea ni hii, sifungui mzinga bila swali, na swali naliandika kabla sijawasha bomba. "Kuna mayai?" "Nafasi inatosha?" "Wana chakula?" Nikishapata jibu nafunga, hata kama bado nina hamu. Kila ukifungua unawapoza na wanakaa muda kurudisha mambo yao sawa.

Anza na fremu ya pembeni, itoe kabisa uiegemeze nje, sasa una nafasi ya kusogeza nyingine bila kuwasugua nyuki. Jua liwe nyuma ya bega lako ili mwanga uingie mpaka chini ya kile chumba kidogo cha sega. Yai siku ya kwanza linasimama wima, linalala taratibu, siku ya tatu liko chini kabisa. Kwa hiyo ukiona yai lililosimama unajua malkia alikuwepo jana au leo, huna haja ya kumtafuta mwenyewe. Watu wanapoteza nusu saa wanamsaka malkia wakati mayai yameshawaambia kila kitu.

Namba nyingine za kubeba kichwani: kibarua (nyuki mfanyakazi) siku 21 kutoka yai mpaka kutoka, dume 24, malkia 16. Buu la kibarua linafunikwa kwa nta karibu siku ya tisa. Ukizijua hizi nne unaweza kusoma fremu kama kalenda na kujua kitu kiliharibika lini.

Kila fremu juu yake nimeandika kwa kalamu ya rangi herufi ya mzinga ilikoanzia na mwezi. Hii ndo bei ya kuhamisha fremu, ugonjwa nao unahama. Kwa hiyo sheria: fremu ya majana haitoki mzinga mmoja kwenda mwingine mpaka nimeangalia vifuniko vya nta vya majana. Vikiwa vimebonyea, vina matundu, vina harufu mbaya, chomeka kijiti cha kiberiti uvute taratibu, ukitoka uzi wa kahawia unaonata na kurefuka sentimita mbili au zaidi, simama hapo, hamna kuhamisha kitu, funga na uwaite wataalamu wa mifugo wa eneo lako, maana ugonjwa huo mara nyingi unaishia kuchoma masega na kila kitu.

Njano hana mayai

Ndo imetokea. Bluu amejaa mayai, mabuu, kila rika. Njano ana majana yaliyofunikwa tu, hamna mayai, hamna mabuu wadogo. Kwa hesabu ya hapo juu, kama hata mabuu ya wazi hamna basi malkia hajataga kwa siku tisa au zaidi. Na kelele yao imebadilika, wanavuma juu juu, hawatulii kwenye sega.

Lakini hapo usikimbilie kununua malkia. Inawezekana ndani kuna malkia mchanga ambaye bado hajaanza kutaga, na ukiwapa mwingine watamuua na pesa yako imeenda. Jibu rahisi ni kuwauliza wenyewe: chukua fremu yenye mayai na mabuu wadogo sana kutoka mzinga wenye nguvu, uwape. Wakiwa na malkia wataitunza tu kama majana ya kawaida. Wakiwa hawana wataanza kujenga vyumba vya malkia juu yake.

Nimetoa fremu kwa Bluu, nimeangalia vifuniko, nimekung'uta nyuki wote wabaki kwao (hapa ndo unahakikisha hujambeba malkia wa watu), nimeiweka katikati ya majana ya Njano. Kazi yenyewe haikufika hata robo saa. Ingekuwa mizinga ya vipimo viwili ningekuwa nakata sega na kulifunga kwa kamba kwenye fremu nyingine huku mayai yanakauka. Na ningekuwa na mzinga mmoja tu, mayai ningeyatoa wapi?

Siku chache baadaye swali lilikuwa moja tu, kuna vyumba? Vipo, vinaning'inia usoni mwa sega, vimekunjamana kama ganda la karanga. Kwa hiyo malkia hayupo, na wameshaanza kujitengenezea. Vyumba vikiwa usoni mwa sega, vichache, kawaida ni vya dharura au vya kumbadilisha malkia, vikiwa vingi ukingoni chini mara nyingi ni kundi linajiandaa kugawanyika, ingawa nyuki hawasomi vitabu.

Baada ya hapo ni kuacha kabisa. Wanachagua buu mdogo, kwa hiyo malkia anatoka kama siku 12 baada ya kuwapa fremu, anakomaa karibu wiki, anatoka kuruka na kujamiiana na madume, anarudi, siku chache anaanza kutaga. Kutoka fremu mpaka mayai weka wiki nne. Katikati ya hapo ukifungua fungua unaweza kumponda au kumtisha akiwa anarudi. Nimeweka tofali juu ya kifuniko na nimejipa kazi ya kupaka rangi maboksi mengine.

Ukikuta vyumba vina mayai mawili matatu kila kimoja, yamebandikwa ukutani, na majana ya madume yamevimba ovyo kwenye vyumba vya vibarua, hiyo ni habari nyingine, vibarua wenyewe wameanza kutaga. Hapo fremu moja haitoshi, unawapa fremu ya mayai kila wiki kwa wiki kadhaa mpaka watulie na kujenga vyumba. Kundi likiwa limeshakuwa dogo sana bora ulivunje, nyuki wajiunge na jirani, kuliko kulisha maiti.

Varoa, wakati nafasi imejitokeza

Njano bila kutaka kanipa nafasi nzuri. Varoa wanazaliana ndani ya vyumba vilivyofunikwa, na dawa yao, asidi ya oksali, haipiti kwenye vifuniko, inaua tu wale walioko juu ya nyuki. Mzinga ukiwa na majana yaliyofunikwa unaua sehemu, wengine wamejificha. Sasa Njano majana ya zamani yote yameshatoka, pamoja na ile fremu ya Bluu, na malkia mpya ndo kaanza kutaga (mayai yapo, nimefurahi kweli). Kati ya mwisho wa majana ya zamani na kufunikwa kwa majana mapya kuna siku chache ambazo varoa wote wako nje hawana pa kujificha. Nimetibu humo, kabla ya boksi lolote la asali kuwekwa, kwa dawa iliyosajiliwa kwa nyuki na kipimo cha kwenye lebo, na barakoa, miwani na glovu, maana asidi hii haina mchezo na mapafu. Angalia sheria za nchi yako, dawa inayoruhusiwa kwingine kwako inaweza isiruhusiwe.

Bluu yeye nimempima kwanza. Nyuki nusu kikombe, kama mililita 120, ni nyuki 300 hivi, wachote kutoka fremu yenye majana ya wazi, tafuta malkia kwanza umweke pembeni. Watie kwenye chupa yenye spiriti, tikisa dakika moja, chuja, hesabu. Gawanya kwa tatu upate asilimia. Nimepata varoa wanne, asilimia 1.3. Wengi wanachukua hatua ikifika 2 au 3, kwa hiyo Bluu anasubiri na nitampima tena mwezi ujao. Najua kuua nyuki 300 kunauma, lakini mzinga wenye nguvu hausikii hilo, na kutazama kwa macho hakusaidii, varoa wengi wamejificha chini ya tumbo la nyuki.

Maboksi yanapanda

Bluu amejaza fremu saba kati ya kumi, hapo ndo muda wa kuongeza, ukisubiri ya kumi ijae wameshaanza kuwaza kuondoka. Boksi jipya likiwa na karatasi za nta tupu mara nyingi wanalikataa, wanakaa chini wanabanana. Kwa sababu fremu zote ni kipimo kimoja nimepandisha fremu mbili za majana kutoka chini nikaziweka katikati ya boksi la juu, nafasi zao chini nimejaza karatasi mpya. Nyuki walezi hawaachi majana, wanapanda nayo, na wakiwa juu wanaanza kujenga.

Kizuizi cha malkia nimekiweka baadaye, masega ya juu yaliposhajengwa. Tundu zake ni kama milimita 4.2, kibarua anapita, malkia kifua kinagoma, na madume wanagoma pia, kwa hiyo ukikuta majana ya madume juu yake waachie mlango huko juu au watakufa wamebanwa. Kuna wasiotumia kizuizi kabisa. Kwangu mwaka wa kwanza nataka asali isiyo na majana, mwakani nitaona.

Njano amepona, ana majana yaliyoshikana vizuri kwenye fremu, lakini yuko nyuma. Sitarina kwake msimu huu. Bluu ana fremu za chakula za kumgawia, nazo ni kipimo kilekile, ndo hivyo tena.

Kurina

Fremu inayotoka ni ile iliyofunikwa nta kwa asilimia 80 au zaidi. Ishike mlalo uikung'ute mara moja, ikirusha matone rudisha. Mwenye refraktomita, kifaa cha kupima maji kwenye asali, apime, chini ya asilimia 18 ya maji unalala usingizi, ikizidi 20 itachacha kwenye ndoo. Kifaa kirekebishwe kwanza, ambacho hakijarekebishwa kinadanganya kwa utulivu kabisa.

Nyuki nimewatoa kwa brashi laini, fremu moja moja, na kila fremu inaingia kwenye boksi lenye kifuniko papo hapo. Ukiacha wazi unaalika wezi. Kwenye mashine ya kukamulia anza polepole, upande mmoja nusu, geuza, malizia, rudi. Masega haya ni mapya, ukizungusha kwa nguvu yanapasuka na kukutokea kama uji. Chujio la matundu makubwa kisha la madogo, ndoo yenye mfuniko unaokaza maana asali inavuta unyevu wa hewa, siku moja mbili povu linapanda juu unalitoa. Usiipashe moto ili ipite haraka. Na unapogawa chupa waambie mapema, mtoto chini ya mwaka mmoja haonjeshwi asali, hata kijiko.

Fremu zilizokamuliwa nimezirudisha kwa Bluu jioni wazilambe, mlango umebanwa.

Masega ya akiba

Masega yaliyojengwa ndo mali kubwa kuliko asali yenyewe, nyuki wanakula kilo kadhaa za asali kupata kilo moja ya nta. Adui ni nondo wa nta, na anapenda sega jeusi lililolelewa majana. Kila fremu inayopata nafasi inakaa kwenye friza la nyuzi -18 kwa siku mbili, inatolewa, inakauka kabisa, kisha inafungwa. Zisizoingia friza zinapangwa penye mwanga na upepo, zikiachana. Zile tembe za nondo za kabatini zisiguse sega, nta inafyonza hiyo sumu na haitoki.

Vipande vya nta vilivyobaki nimeviyeyusha kwenye chombo ndani ya maji ya moto, kamwe sio juu ya moto wenyewe, nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na ikizidi sana inashika moto. Sufuria iwe ya stenlesi, chuma na shaba vinaibadilisha rangi.

Sasa hivi nina maboksi mawili meupe hayana nyuki, fremu ishirini na kitako cha tatu ambacho nimekipaka zambarau. Msimu wa maua ukirudi Bluu nitamgawa kabla hajajigawa mwenyewe: fremu tano zenye mayai, chakula na nyuki wake ziingie boksi tupu, upande usio na malkia utajitengenezea. Kabla ya hapo kazi ni kumpima Bluu varoa tena, na kuweka oili mpya kwenye makopo ya stendi, yale ya upande wa Njano yameanza kukauka.